Kabla ya Cheki Namba

Jumatatu nilifika na bahasha ya kaki:
vyeti halisi, nakala nne nne zenye muhuri wa wakili,
na picha za pasipoti nilizopigwa Nyegezi stendi,
nimekodoa macho
kama sato juu ya barafu.
Masijala, Mama Ng'washi akasema, "Mwangaluka,"
akahesabu karatasi kwa kidole alichokilowesha ulimi,
kisha, bila kuinua uso: "Imepungua moja."

Hiyo moja ilinipeleka mjini na kunirudisha.

Jumanne fomu ya bima. Jumatano ya mfuko wa hifadhi.
Alhamisi mwenye kusaini alikuwa msibani Magu.
Ijumaa nikakabidhiwa ufunguo wa chumba namba sita,
maabara ya maji. Dirisha linatazama mwamba,
na nyuma ya mwamba kuna kipande cha ziwa
kisichozidi khanga iliyokunjwa.
Kiti kina magurudumu matatu.
La nne, nimeambiwa, liombwe kwa barua.
Nimetegesha jiwe.
Mwanza hii, mawe hayaombwi kwa barua.

Meza ilikuwa ya Mzee Luhende, aliyestaafu Juni.
Droo ya juu: miwani yenye mkono mmoja,
namba ya simu ya fundi wa majokofu,
maganda ya karanga.
Droo ya chini: chupa arobaini na moja za maji ya ziwa,
kila chupa na plasta yake, kila plasta na mwandiko wa kuinama:
Luchelele, alfajiri, mvua ya jana.
Kirumba, karibu na mwalo, mafuta juu.
Igombe. Upepo. Sikufika mbali.

Kompyuta nayo ilikuwa bado inamkumbuka.
"Jina lako halijaingia kwenye mfumo," kijana wa TEHAMA akasema,
"kwa sasa tumia la mzee,"
akaninong'oneza nywila: jina la ng'ombe
na mwaka aliouzwa.
Basi wiki tatu nikawa Luhende.
Nikaitwa vikao vyake. Nikapewa pole ya mgongo.
Nikakumbushwa mchango wa harusi ya binti wa mhasibu,
nikalipa nusu, kwa hela ya kukopa.

Fomu ya mwisho ilikuwa na swali moja tu:
Mtu wa kupigiwa simu likitokea jambo.
Nilikaa nayo kutwa.
Mama yuko kisiwani Kome. Simu yake hushika mtandao
akipanda jiwe lililo nyuma ya zizi,
na hapandi ila Jumapili.
Likitokea jambo, basi litokee Jumapili.
Nikaandika jina lake, nikaandika namba,
na pembeni, kwa herufi ndogo: baada ya ibada.
Mama Ng'washi alisoma,
akanitazama kwa mara ya kwanza,
akagonga muhuri taratibu, kama anayefunika chungu.

Kibao cha mlangoni kimekuja jana.
Kimeandikwa KARUNDE.
"Mimi ni Kalunde," nikamwambia fundi, "kwa L."
Akakisoma, akanisikiliza, akakisoma tena.
"Si ndivyo nilivyoandika?"
Skrubu zilikuwa zimeshakaza.

Cheki namba haijatoka. Mgahawani wananiandika daftarini,
ukurasa wangu umegeuzwa mara moja.
Leo saa nne simu ya mezani imelia, ile niliyodhani ni mbovu.
Sauti ya mtu aliyekaa nje, kuku wakisikika.
"Wewe ndiye mimi mpya?"
Nikasema ndiye.
"Maji yangu umeyamwaga?"
Bado, mzee.
Akanyamaza kidogo; kuku wakaendelea.
"Mengine mwaga tu. Ya Igombe uyaache.
Ile siku sikufika mbali,
nilitaka kurudi."